Nipo Mtwara na Subaru iliyojaa vikorombwezo: niiuzeje?

SWALI: Shikamoo kaka. Nipo Shangani, Mtwara. Nina Subaru Impreza WRX STI ya mwaka 2006, gia za mkono, namba D, niliiagiza mwenyewe kutoka Japani. Nimeibadilisha sana: ekzosi yote kuanzia kwenye turbo, intakula (kipoza hewa ya turbo) kubwa ya mbele, valvu ya turbo ya ule mlio, shokapu za kushusha, rimu za inchi 18, usukani wa mashindano, na kompyuta ya injini imepangwa upya na fundi wa Dar. Rangi niliitoa kwenye silva nikapiga bluu. Injini ya kwanza ilinoki, nikanunua nyingine ya aina ileile. Vitu vya zamani karibu vyote vipo stoo kwa mama. Sasa nahamishiwa Dodoma kikazi na nataka kuiuza mwenyewe bila kupitia yadi. Mabadiliko peke yake yamekula milioni 16, kwa hiyo nimetangaza 48. Wanaopiga simu wanauliza bei, wanacheka, wanakata. Dalali mmoja wa hapa ananipa 22 taslimu. Niirudishe ilivyokuwa au niuze hivihivi? Na nijikinge vipi nisitapeliwe?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Rudisha vingi, acha vichache, na kabla hujafungua hata nati moja nenda kamalize habari ya kadi ya gari. Hao wanaokata simu hawalidharau gari lako. Wanashangaa 48, na kilichokuponza ni hiyo milioni 16.

Fedha uliyoitia kwenye vikorombwezo imeshaliwa. Umeila mwenyewe kwa raha zako, barabara ya Mikindani usiku, wala sikulaumu. Mabadiliko kwenye gari ni kama pilipili kwenye mchuzi wa pweza: aliyeitia alipima kwa ulimi wake. Kila ulichokifunga kimepunguza watu wanaoweza kulitaka gari hilo, na waliobaki, yaani vijana wanaopenda unachopenda wewe, ndio wenye mfuko mwembamba kuliko wote. Mwenye fedha kamili ya STI siku hizi ni mtu mzima kidogo. Ana gari jingine la kumpeleka kazini, na anatafuta ile aliyoitamani tangu yuko shule, enzi ambazo Colin McRae alishinda Safari Rally na Impreza mwaka 1997 na Richard Burns akarudia mwaka 2000. Huyo anataka gari lililobaki kama lilivyotoka kiwandani Gunma, Japani.

Na ana sababu ya kulitaka. Injini ya EJ20, ambayo EJ207 yako ni tawi lake, ilianza na Legacy ya 1989, na Subaru waliiaga kwa toleo la mwisho la WRX STI, magari 555 tu, yaliyouzwa Japani kwa bahati nasibu baada ya maonyesho ya Tokyo ya 2019. Machi 2022 kampuni ikatangaza kwamba kizazi kipya cha WRX hakitakuwa na STI ya petroli. Juu ya hapo, Marekani inaruhusu kuingiza gari lolote lililotimiza miaka 25 bila kulipima kwa viwango vyao vya usalama, kwa hiyo Impreza za mwanzoni mwa miaka ya 2000 zimeanza kuvutwa kwenda huko. Yako itatimiza miaka hiyo 2031. Safi zinazidi kuadimika, na uadimu huo ndio unaoweza kukulipa. Ekzosi haikulipi.

Sasa bei utaipataje? Jiweke kwenye nafasi ya mnunuzi. Njia yake nyingine ni kuagiza Japani: bei ya kule, meli na bima yake, kisha kodi. Gari lililozidi miaka 10 linabeba ushuru wa uchakavu wa asilimia 30, na bado kuna ushuru wa forodha, ushuru wa bidhaa na VAT. Ukijumlisha, kodi peke yake inakaribia thamani ambayo TRA wameliwekea gari lenyewe. Kikokotoo kipo wazi kwenye tovuti ya TRA: unachagua aina, mwaka na ukubwa wa injini, kinakupa jibu. Chukua jibu hilo, ongeza bei ambayo STI ya 2006 isiyoguswa inauzwa Japani leo, ongeza gharama za bandarini. Hiyo ndiyo dari yako. Halafu anza kushuka, maana lako limepigwa rangi, lina injini ya pili, limeishi kando ya bahari. Unaposhuka usijionee huruma, maana mnunuzi hatakuonea. Lakini ukiwa na hesabu hiyo kwenye karatasi, mtu akikutajia nusu bei kwa porojo unamwonyesha mstari kwa mstari, na porojo inaishia hapo.

Turudi kwenye kadi, kwa sababu hapa ndipo gari lako lina ugonjwa mkubwa kuliko yote uliyonitajia, na umeutaja kama jambo la kupita. Kadi inasema silva, gari ni bluu. Kadi ina namba ya injini ambayo sasa ni chuma chakavu. Mnunuzi makini atakuja na wakili au na fundi wake, watafungua boneti na kulinganisha namba, na siku hiyohiyo utageuka kutoka muuzaji kuwa mtu wa kuulizwa maswali. Hata kama yeye hajali, siku ya kuhamisha umiliki itajali TRA. Na akija kukata bima kubwa kisha akapata ajali, kampuni ya bima haitakosa pa kushikia.

Kwa hiyo peleka gari kwa mkaguzi wa magari wa polisi wa usalama barabarani hapo Mtwara, aliangalie na kuthibitisha rangi na namba ya injini, kisha nenda TRA kurekebisha taarifa za kadi. Nenda na stakabadhi ya ile injini ya pili. Bila shaka utaniambia uliinunua kwa mtu wa spea akakuandikia kikaratasi, au hakukuandikia kabisa. Mtafute. Akuandikie mauziano yenye namba ya injini, jina lake, kitambulisho chake na saini, kwa sababu mkaguzi ana haki ya kuuliza injini hiyo ilitoka kwenye gari la nani. Mali bila daftari hupotea bila habari, na injini isiyo na karatasi inaweza kupotea na gari zima. Fanya haya ukiwa bado Mtwara na una muda. Kuyashughulikia ukiwa Dodoma, mnunuzi akiwa Dar, ni mateso.

Namba ya chesisi, nadhani, haina tatizo. Kwa Impreza hiyo imegongwa kwenye ukuta wa chuma nyuma ya injini, inaanza na GDB ikifuatiwa na tarakimu. Mtu aliyezoea magari ya Ulaya anaweza kukuambia ni fupi mno, namba kamili huwa na herufi na tarakimu 17. Magari yaliyotengenezwa kwa soko la Japani yana namba fupi, ndivyo yalivyo. Hakikisha tu fundi wa rangi hakuifunika.

Kadi ikiwa safi, sasa shika spana. Hapa wengi wanaharibu, kwa sababu wanarudisha kitu kimojakimoja, kile kilicho rahisi, na kuacha kingine. Ekzosi, intakula, valvu ya turbo na mpangilio wa kompyuta vinategemeana. Kompyuta iliyopangwa kwa bomba lililofunguka, lisilo na masega ya kuchuja moshi, ukiirudishia bomba la kiwandani itakuwa inafanya hesabu za gari jingine. Kinyume chake ni kibaya zaidi: ukirudisha mpangilio wa kiwandani ukaacha bomba wazi, turbo itapitisha shinikizo kuliko kompyuta inavyotarajia, kompyuta itakata petroli kujilinda, na gari litapiga kichwa mbele ya mnunuzi akiwa amekanyaga mafuta. Virudi vyote siku moja, kwa fundi mmoja mwenye mashine ya kusoma, na apime mchanganyiko wa hewa na petroli kabla hajakukabidhi ufunguo.

Kuna jambo moja nisingelirudisha kama lilivyokuwa. Mpangilio wa kiwandani wa STI ya soko la Japani uliandikwa kwa petroli ya kule ya daraja la juu, yenye oktani inayokaribia 100. Pampu zetu hazina hiyo. Kompyuta inajitahidi kujirekebisha ikisikia injini inagonga, lakini kujitahidi si kukaa salama, na injini yako ya kwanza huenda ilikuwa na la kusema kuhusu hilo. Mwambie fundi aweke mpangilio wa upole unaofuata vifaa vya kiwandani na petroli yetu, akupe na faili la asili la kompyuta kama alilitunza. Hili mwelezee mnunuzi waziwazi. Mnunuzi anayejua Subaru ataliona kama sababu ya kununua.

Valvu ya mlio iondoke kwanza kuliko vyote. Najua mnaipenda. Lakini gari hili linahesabu hewa pale inapoingia, karibu na filta. Valvu ya kiwandani inairudisha hewa iliyozidi ndani ya mfumo, hesabu inabaki sawa. Yako inaitoa nje hewa ambayo kompyuta imeshaihesabu, kwa hiyo injekta zinamwaga petroli ya hewa isiyokuwepo. Ndiyo maana plagi zako ni nyeusi na ukibadilisha gia kuna harufu. Mnunuzi akiusikia ule mlio tu, kichwani ameshaandika: gari limechezewa.

Usukani wa mashindano nao hauna mjadala. Wa kiwandani una mkoba wa hewa (airbag), huo wako hauna, na taa ya mkoba kwenye dashibodi ama inawaka ama kuna mtu aliizima. Usimuuzie mtu hilo. Ukirudisha, fundi atoe kichwa cha betri na asubiri kabla ya kugusa nyaya za mkoba.

Shokapu za kushusha rudisha za zamani, bushi zikague. Intakula inategemea ilivyofungwa: kama bampa na boriti yake ya ndani havikukatwa, rudisha ile ya juu ya injini. Kama boriti ilikatwa, na mara nyingi hukatwa, acha ilivyo na useme imekatwa, au tafuta boriti nyingine kwanza. Intakula ikibaki, mpangilio wa kompyuta ufuate hiyo. Ikiwa uliweka pia rejeta nene au breki nzuri kuliko za mwanzo, hizo ziache, hakuna mnunuzi anayelalamikia gari linalopoa na kusimama.

Rimu ndizo zitakazokurudishia fedha haraka. Tundu zake tano zimepangwa kwenye duara la milimita 114.3, vipimo vilevile vya Mark X, Altezza na Crown nyingi, kwa hiyo soko lake ni pana kuliko la gari lenyewe. Lakini usiziuze sasa, wala hiyo ekzosi. Vifunge kwenye viroba, viweke. Siku ya kupatana mtafika mahali mnunuzi amekwama kwenye bei na wewe umekwama, zimebaki milioni mbili katikati. Hapo ndipo unataja viroba. Anayetaka kuchezea gari atavichukua na kupandisha. Asiyetaka, utaviuza baadaye kwa vijana wa Dar. Kwa vyovyote bei ya gari haijateremka.

Baada ya hapo tengeneza ushahidi. Matangazo yetu yote yanasema "injini haijaguswa, haina longolongo, kuwasha na kuondoka", na kwa kuwa yote yanasema hivyo, hakuna anayeyasoma. Kwa injini ya pili ya STI kuna karatasi moja yenye nguvu kuliko maneno hayo: kipimo cha kompresheni cha silinda zote nne, kilichoandikwa na gereji, kina tarehe, namba ya gari na kilomita. Silinda zikiwa karibu sawa, umemaliza nusu ya maswali. Moja ikiwa chini sana kuliko wenzake, ni heri ujue wewe kabla ya mnunuzi, kwa sababu bei inabadilika kabisa. Weka pia stakabadhi ya taimingi belti. Injini hiyo inataka ibadilishwe ikifika kilomita 100,000, na kwa injini iliyonunuliwa imetumika hakuna anayejua ya zamani ilitembea kiasi gani. Kama hukubadilisha wakati wa kufunga, badilisha sasa. Ikikatika, valvu zinagongana na pistoni.

Karatasi za Japani usizidharau kwa kuwa ni za zamani. Cheti cha kufutiwa usajili kule kina namba ya chesisi, mwezi wa usajili wa kwanza, na kilomita zilizosomwa kwenye ukaguzi wao wa lazima. Kinasaidia kuthibitisha kwamba mita yako haikurudishwa nyuma. Karatasi ya mnada ukiwa nayo, itoe hata kama ina doa. Kama gari lilipewa daraja R, maana yake lilishapata ajali likatengenezwa, na mnunuzi akilijua hilo kwa njia zake baada ya wewe kukaa kimya, hatakuamini tena hata ukimwambia leo ni Jumatatu. Na kama ulibadilisha dashibodi, ukatoa ile ya Kijapani inayoishia 180 ukaweka inayofika 260, sema mita ya kwanza ilisoma ngapi siku ya kubadilisha.

Kukaa Shangani kuna gharama yake. Chumvi ya bahari inakula chini ya gari taratibu, kwenye mabomba ya breki, boliti za shokapu na mikono ya nyuma. Oshesha chini kwa maji yasiyo na chumvi, kagua, badilisha kilichooza. Usipake ile rangi nyeusi ya chini wiki ya kuuza. Kila mnunuzi mwenye tochi anaijua, na ataamini umeficha mengi kuliko uliyoficha.

Soko lenyewe halipo Mtwara. Nisikufiche. Watu watakuambia subiri msimu wa korosho, minada ikianza Oktoba fedha zinamwagika. Zinamwagika kweli, Newala, Tandahimba na Masasi, lakini fedha ya korosho inajenga nyumba, inanunua pikipiki, Noah na Fuso. Mkulima mwenye akili zake hanunui gari la kukaa chini linalokunywa petroli hivyo kwa njia ya kwenda shambani. Mnunuzi wako yupo Dar es Salaam, au Arusha wanakopenda mbio za magari, au Dodoma hukohuko unakohamia. Na kutoka Dar hadi Mtwara ni zaidi ya kilomita 500. Mtu hafungi safari hiyo kwa picha tatu. Masika ndiyo usiseme: Mei 2024, mvua za kimbunga Hidaya zilikata barabara ya Dar na Lindi maeneo ya Somanga, malori na mabasi yakalala njiani.

Ila wewe una bahati moja: ukienda Dodoma kupitia Dar, gari litapita mlangoni kwa wanunuzi. Tumia hiyo. Wiki kadhaa kabla ya kuhama, tangaza, chuja kwa simu hadi ubaki na watu wachache waliouliza maswali ya maana, wape siku moja ambayo utakuwa Dar, kila mtu na saa yake. Hii ndiyo sababu nyingine ya kurudisha shokapu za zamani. Kutoka Mtwara, Mingoyo, Lindi, Nangurukuru mpaka Mkuranga, matuta hayo utayahesabu kwa tumbo la gari kama bado limeshushwa, na utafika Dar na bampa limening'inia.

Tangazo liwe refu kidogo na lisiwe na alama za mshangao. Mimi ningeandika hivi:

"Subaru Impreza WRX STI 2006, GDB, EJ207, gia sita za mkono. Namba D, mmiliki mmoja tangu iingie nchini. Injini imebadilishwa kwa EJ207 nyingine, kadi imeshasahihishwa, stakabadhi ipo. Ilikuwa silva, sasa bluu, kadi inasoma bluu. Ilikuwa na mabadiliko, imerudishwa vifaa vya kiwandani. Kompyuta imepangwa kwa petroli ya hapa. Kompresheni imepimwa, karatasi ipo. Cheti cha Japani kipo. Kasoro: mkwaruzo mlango wa kushoto nyuma, kutu kidogo mikono ya nyuma. Ipo Mtwara, Dar itaonekana tarehe fulani."

Kasoro ziandike wewe. Zikiandikwa na muuzaji zinakuwa taarifa, zikigunduliwa na mnunuzi zinakuwa punguzo. Picha piga asubuhi, gari likiwa kavu, na usisahau chini ya gari, ndani ya boneti na viti. Video moja ya kuwasha injini ikiwa ya baridi ina thamani kuliko picha ishirini za machweo ya ufukweni. Picha ya kadi usimtumie mtu kwa WhatsApp, hata akijiita afisa wa benki. Kadi ataiona kwa macho mkikutana.

Kuhusu kujaribu gari: uendeshe wewe kwanza, yeye akae pembeni, injini ipate joto. Halafu yeye aendeshe, wewe pembeni, leseni umeshaiona na umeipiga picha. Mtu akisema "mimi nalijua hili gari, nipe ufunguo nizunguke tu", mpe soda. Asiyekuja na fedha wala fundi lakini anataka kukanyaga mpaka mwisho ni mtalii. Usione haya kukataa. STI ikikanyagwa ya baridi, gharama yake huioni siku hiyo.

Fedha sasa. Gari la bei hii lisilipwe kwa simu kidogokidogo, wala kwa ujumbe mfupi unaosema umepokea. Picha ya muamala anaitengeneza mtoto wa shule. Kutaneni benki, kwenye tawi lako, ahamishe akiwa mbele yako, na wewe usiamini simu yako wala yake: muulize mhudumu kama fedha imeingia na inatoka. Uhamisho wa benki hadi benki ukichukua muda, subirini wote, gari limefungwa. Ufunguo na kadi vinatoka mkononi mwako baada ya fedha kuonekana. Mali kauli usikubali, hata kwa binamu. Ukipokea arubuni, iandikwe ni ya siku ngapi, na inarudi au hairudi asipotokea.

Mkataba uandikwe kwa wakili, na nyote wawili muwe na vitambulisho vya NIDA na TIN. Humo ndani ndimo unapojilinda. Watu wengi wanaandika "gari limeuzwa kama lilivyo" wakidhani wamemaliza. Haitoshi. Kwa Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kuficha kwa makusudi jambo unalolijua ni udanganyifu, na mkataba uliopatikana kwa udanganyifu mwenzako anaweza kuuvunja. Kwa hiyo yaorodheshe: injini si ya kwanza, rangi imebadilishwa, kompyuta imepangwa upya, boriti imekatwa kama ilikatwa, na kwamba mnunuzi amelikagua na fundi wake tarehe fulani na kuridhika. Akitia saini hapo, miezi mitatu baadaye turbo ikifa hatakuja kukuambia hukusema. Andika pia tarehe na saa ya kukabidhi, ili faini ya tochi ya saa mbili usiku isikurudie wewe uliyeuza saa nane mchana.

Kabla ya siku hiyo angalia kwenye mfumo wa polisi kama namba yako ina deni la faini, na kama una deni la maegesho TARURA, lipa. Ada ya kila mwaka ya zamani ya leseni ya gari ilifutwa 2017, ikahamia kwenye petroli, kwa hiyo mtu asikutishe nayo.

Uhamisho wa umiliki usimwachie mnunuzi aufanye "akipata nafasi". Nendeni pamoja, au usimamie mpaka uone jina lake. Ada ya uhamisho ni shilingi 50,000, kadi mpya 10,000, na ushuru wa stempu asilimia 1 ya thamani. Kubalianeni mapema nani analipa, na muulize TRA kama bajeti ya mwaka imebadilisha chochote. Atakuomba uandike bei ndogo kwenye mkataba ili stempu ipungue. Kataa. Siku mkigombana, mkataba utasema umepokea hizo chache, na hizo ndizo utakazoweza kudaiwa au kudai. Na gari likibaki kwa jina lako, likigonga mtu Morogoro, askari watakaokuja watakuja kwako. Bima yako nayo ni yako, mwambie akate yake kabla hajawasha.

Kuhusu yule dalali wa milioni 22: anataka kununua auze, na hilo si kosa, lakini ananunua hofu yako ya kuhama. Mwambie humuuzii ila akileta mteja utamlipa udalali, kiasi mnachokubaliana kwa maandishi, mteja azungumze na wewe moja kwa moja. Ukimwachia apange bei yake, ataweka cha juu hadi mteja akimbie, na wewe hutajua kwa nini simu zimekatika. Ikifika wiki ya mwisho ya kuhama na hakuna aliyenunua, bado usiuze 22. Liendeshe hadi Dodoma likiwa na shokapu zake za kiwandani na kadi inayosoma bluu, uliuze huko taratibu.